Miaka Niliyokungoja Uugue

Kwako dada Mghoi, mwenyewe halisi wa jina la Mama Wakio,

Siku ya Jumanne, Wakio alirudi kutoka kliniki, akavua viatu mlangoni, na kabla hajaketi akaniuliza swali juu yako. Mimba yake ina miezi sita sasa, naye amerudi kwangu kusubiri kujifungua. Nesi alikuwa akimjazia kile kitabu cha mama na mtoto, akamuuliza habari za ukoo: presha ipo, sukari ipo, mama mzazi yu hai au alifariki, na alifariki kwa nini. Akajibu alivyoweza. Halafu akaja kwangu, mkono juu ya tumbo, akasema, "Mama, huyu hata uso sijamwona na siwezi kumpa mtu. Mama Mboghoni aliwezaje kunitoa nikiwa na miaka minne?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Nikaendelea kuuchambua. Nikamwambia ni mambo ya watu wazima, jibu lile lile nililompa akiwa na miaka saba, na kumi, na kumi na tano. Akaingia chumbani akalala na nguo alizotoka nazo. Mtu mzima ni yeye, dada, na mimi bado namfungia mlango kwa maneno ya kumbembelezea mtoto.

Ndiyo maana nakuandikia. Najua barua haina njia ya kufika ulipo, na wewe mwenyewe ungenicheka, kwamba Saru ameshindwa kusema na waliopo sasa anaandikia waliokwenda. Nicheke. Nitakueleza huko mwisho nimeamua kuifanyia nini.

Unaikumbuka siku ile ulipokuja Voi? Baba Wakio alikuwa amezikwa kama miezi mitatu hivi, na watu wa shamba la katani alikokuwa akifanya kazi walikuwa wanasema kwa sauti ya chini kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiri. Hukutaka kupimwa virusi vya Ukimwi Taveta wanakokujua. Ukapanda basi na mtoto mgongoni, ukafika kwenye kituo nilichokuwa nimeanza kazi ya ushauri, nikiwa na cheti kipya na kitambulisho shingoni. Nilijivunia kile kitambulisho kama kijana aliyenunuliwa saa. Sikuruhusiwa kumpima ndugu yangu, kwa hiyo mwenzangu ndiye aliyekutoa damu, lakini nilikaa pale pale. Uliyasoma majibu usoni mwangu kabla karatasi haijageuzwa.

Swali lako lilikuwa moja. "Na mtoto?"

Tukampima mtoto. Hakuwa navyo. Ukacheka, dada, ukacheka kweli kweli, ukamwinua Wakio juu ya kichwa chako mpaka akaogopa. Ukasema, "Basi. Hilo lingine ni langu."

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mume wangu wala mchungaji. Nilipoyaona majibu yako, kwanza nilikuona umeshazikwa, kwa sababu wakati ule dawa zilikuwa habari za kusikia, na kwenye kituo chetu tulikuwa tunawashauri watu namna ya kujiandaa kufa na sisi tunaita hilo kuishi kwa matumaini. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilinijia hata mwenzangu hajarudisha kalamu mezani. Niliwaza: Wakio atakuja kwangu.

Miaka sita nilikuwa kwenye ndoa bila mtoto. Wakwe walikuwa wananiamkia huku wakiangalia tumbo. Na wewe dada yangu, uliyenifundisha kufunga leso na kukuna nazi, ulikuwa umeketi mbele yangu na hukumu ya kifo mkononi, na moyo wangu ukaipokea kama jibu la maombi. Wote hapa mtaani kwetu Kaloleni wananijua kuwa mwanamke mwema aliyemlea mtoto wa dada yake. Wema wenyewe ulianzia hapo.

Nilikuja kwako Mboghoni baada ya wiki mbili kukusemesha. Nilitumia sauti ya kazini, ile ya taratibu. "Mwache kwangu kabla hujaanza kuugua, dada. Asikuone ukiisha. Picha hiyo haitamtoka." Ulikuwa unafungulia maji ya mfereji yaingie kwenye migomba, zamu yako ilikuwa imefika, na huwezi kupoteza zamu ya maji kwa sababu ya mazungumzo. Ukaniacha nimesimama. Ulipomaliza ukaja ukaosha miguu, ukauliza, "Nikuachie mpaka niugue, au mpaka ionekane siugui?"

Nikasema, "Dada, hakuna asiyeugua."

Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyesoma. Na kwa kadiri tulivyokuwa tumefundishwa, sikuwa nadanganya. Lakini nakumbuka nilivyofurahi moyoni kwamba ukweli uko upande wangu.

Wakio akaja Voi na begi moja na yule kuku wa mti wa kuchongwa aliyetengenezewa na baba yake. Wiki za kwanza aliniita Mama Saru. Kisha Mama. Wewe ukawa Mama Mboghoni, kama vile mtu angesema Shangazi wa Mwatate au Mjomba wa Mombasa. Na mimi majirani wakaanza kuniita Mama Wakio. Siku ya kwanza nilipoitwa hivyo dukani nilisahau nilichofuata kununua. Sikumsahihisha mwenye duka, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Na wewe hukuugua.

Ulikuja kila shule zilipofungwa, na ndizi, na nyanya ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa. Kabla sijakuamkia nilikuwa nakuangalia mifupa ya shingo. Unajua hilo? Nafikiri ulijua, kwa sababu ulianza kuja na blauzi zilizofungwa mpaka juu. Nilikuwa natafuta shingo imeanza kutoka, nywele zimeanza kulegea, kikohozi. Nilikuta mwanamke aliyenona, mwenye mikono ya kubeba mikungu miwili kwa safari moja. Kila miezi sita walikupima CD4 na kila miezi sita walikwambia kinga yako iko juu, hujafikia kiwango cha kupewa dawa, rudi baadaye. Ulikuwa unanipa habari hizo kwa mzaha. "Wamenirudisha tena. Naona damu yangu inawachosha." Halafu sauti inabadilika. "Saru, sasa si nimchukue mtoto?"

"Ngoja kidogo, dada. Haya mambo huja ghafla."

Ngoja amalize darasa la kwanza. Ngoja mvua ipite, kule kwenu kuna malaria. Ngoja amalize mtihani. Nimejaribu kuhesabu mara nilizokuambia ngoja nikashindwa. Wewe ulikuwa unangoja mtoto wako, na mimi nilikuwa nakungoja uugue ili nionekane nilisema kweli. Hata siku moja sikukutakia mabaya kwa mdomo. Kwa macho nilikutakia kila ulipofika mlangoni.

Nimefika kwenye jambo la milimani, na kalamu inakuwa nzito.

Wakio alikuwa na miaka kumi. Mwaka ule homa hazikumwacha. Akipona hii inaingia ile, na hospitali wanasema malaria tu. Mama yetu akatuma neno kutoka Wundanyi kwamba tufike wote, wewe na mimi na mtoto. Kwa Mama haikuwa siri: mtoto akiugua hivyo, kuna mkubwa wake aliye na kinyongo rohoni, na kinyongo cha mzazi humfuata mtoto hata kama mzazi mwenyewe hataki. Lazima mzazi atase. Anachukua kinywaji mdomoni, anasema yaliyo moyoni, anayapuliza yatoke. Mimi nilikuwa nimeokoka, nikamwambia Mama hayo ni mambo ya zamani. Mama akasema, "Ni maji ya miwa tu, Saru. Yesu hawezi kukasirikia miwa."

Tulisimama uani, asubuhi, ukungu haujatoka kwenye mlima Vuria. Mama alikuwa ameshika kibuyu. Majirani wawili wazee walikuwepo, na mke wa kaka yetu. Ukapokea kibuyu, ukamtazama Wakio, ukasema kwa Kidawida, lugha ya kwetu, kwamba kama una hasira juu ya mtu yeyote aliyekutenganisha na mtoto wako, unaitoa leo, isimguse mtoto, mtoto apone, aende atakako. Hukunitaja. Ulikuwa na kila sababu ya kunitaja na hukunitaja. Ukajaza mdomo. Wakio alikuwa amefumba macho anangoja, anatabasamu kidogo kama watoto wanavyongoja kumwagiwa maji.

Nikamvuta. Nikamfunika uso kwa leso yangu nikakupa mgongo, na yale maji ya miwa yakanimwagikia mimi kuanzia shingoni.

Jumatatu ya wiki ile ile, dada, nilikuwa nimesimama mbele ya akina mama sokoni Voi nikiwa na chati ya picha, nikiwafundisha kwamba virusi haviambukizwi kwa mate. Nilikunywa maji kwenye kikombe cha mwanamke aliyekuwa navyo, wote wakiniona, na wakapiga makofi. Nilijua. Hakuna mtu pale uani aliyejua zaidi yangu kwamba maji yale hayana madhara yoyote. Mganga hajigangi, lakini mimi sikuwa hata na kisingizio cha ujinga. Nilichoogopa ni kwamba ukishamtasia mtoto apone, Mama atasema sasa arudi kwa mama yake.

Wazee wale hawakuwa wanajua hali yako mpaka dakika ile. Nilipomvuta mtoto walijua. Ukajifuta mdomo kwa kiganja. Ukamrudishia Mama kibuyu na mikono miwili, kwa heshima, ukasema, "Imeshatoka. Ilikoangukia, nayo ikae." Ukapanda gari la jioni kurudi Mboghoni, na mwaka mzima hukuja Voi.

Leso ile ninayo. Nimeifua mara nyingi.

Ulikuwa umeniomba jambo moja zamani, nisimwambie mtoto hali yako mpaka awe na umri wa kuibeba. Ombi la haki kabisa. Nikaligeuza kufuli. Alipouliza kwa nini hakai na wewe, nilisema ni siri ya mtu, siwezi kuitoa. Mtoto akiachwa peke yake na swali hujitungia jibu, na jibu alilojitungia Wakio ni kwamba hukumtaka. Niliona anavyoliamini. Alipoacha kukimbilia mlangoni ulipofika, niliona. Alipoanza kukupokelea ndizi na kusema asante kama anavyomwambia mgeni, niliona hilo pia, na sikusema kitu.

Akafika miaka kumi na saba. Ndipo utaratibu ulipobadilika, kila mwenye virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri CD4 ishuke. Ukaitwa. Kabla ya kuanza ukapimwa wingi wa virusi kwenye damu, na majibu yakarudi kwamba havionekani. Mashine haikupata vya kuhesabu. Miaka kumi na mitatu bila kidonge hata kimoja.

Unajua nilichofanya nilipopata habari? Nilikupigia simu nikakufokea. Nilisema umekuwa ukinunua dawa kichochoroni, au umepeleka damu ya mtu mwingine, na kwamba unanichafulia jina kazini. Ukasema, "Njoo basi unitoe wewe. Mshipa wangu unaujua." Ukaja Voi, ukapimwa mbele yangu. Virusi vimo, kipimo cha kwanza kikasema. Virusi havionekani, kikasema cha pili. Wakarudia. Yale yale.

Daktari aliyetuelezea alikuwa kijana wa Mwatate, na alieleza kwa lugha ya nyumbani. Alisema, "Mama, kwenu Mboghoni ndovu wanaingia shambani?" Ukasema wanaingia. "Sasa kwa watu wengi, virusi ni ndovu ambaye kila wiki anabadilisha njia. Walinzi wanamngojea hapa, yeye anapitia kule, mpaka walinzi wanachoka na shamba linaisha. Wako watu wachache, wachache sana, ambao walinzi wao wa damu wamezaliwa wakiijua ile njia moja ambayo ndovu hana budi kupita. Akijaribu kuibadilisha anajiumiza mwenyewe. Chembe ikishaingiliwa tu, walinzi wanaitambua, wanaiua kabla haijazaa wengine. Ndovu hajaondoka. Yuko porini, na wewe hujapona. Ila hajawahi kuvuna hata mgomba mmoja."

Ukamuuliza ni kwa sababu ya ndizi au ni kwa sababu ya maombi. Akacheka, akasema hajui kwa nini wewe na si jirani yako, kwamba ni namna ulivyoumbwa, na wenye elimu zaidi yake bado wanachimba. Kisha akakushauri uanze dawa hata hivyo. Mwili unaopigana kila siku kwa miaka hiyo yote, hata ukishinda, huenda unauchosha moyo na mishipa. Ukakubali. Hukuwa na kiburi na mwili wako. Mimi ndiye niliyekuwa na kiburi na karatasi.

Nilikufuata Mboghoni Jumamosi yake. Nilikukuta kwenye mfereji. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikaanza kukueleza ninavyosikitika, kwamba majibu haya yamebadilisha kila kitu. Ukasema, "Sasa umeamini karatasi. Mimi miaka yote nilikuwa nakuambia kwa mdomo."

Ningelia, lakini ulinipa jembe nizibe mahali maji yalipokuwa yanatorokea. Tukafanya kazi. Baadaye ukaniambia nimweleze Wakio yote, mimi mwenyewe, kwa sababu ukimweleza wewe ataona unajitetea. Ukaniambia na namna ya kumweleza, maneno yenyewe. Ukauliza, "Lini?"

Nikasema, "Ngoja amalize kidato cha nne."

Ulinitazama, dada, ukatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema. Wewe nguoni mwako ulikuwa na wawili, na yule wa kwenye damu ulimweza.

Akamaliza kidato cha nne. Akaenda chuo. Akaolewa, na siku ile tulipomuaga wewe ulikaa kwenye safu ya pili. Nilikuwa na sababu mpya kila mwaka. Nilijiambia kwamba nikitoa habari yako kliniki, mtu mwingine atatupa dawa zake akidhani naye ana walinzi, na huyo atakufa. Ni kweli angekufa, na hata leo namsihi yeyote anayemeza dawa azimeze, maana walio kama wewe ni wa kuhesabika. Lakini Wakio hakuwa mgonjwa wa kliniki. Alikuwa binti yako. Sababu yangu ilikuwa moja tangu mwanzo: nikimwambia, nitaitwa nani?

Halafu mwaka jana ikaja simu kwamba umeanguka shambani, presha. Tulipofika Taveta ulikuwa umekwisha kwenda. Ulikuwa umenona vile vile. Nesi aliyekuosha alisema una mwili wa mwanamke wa miaka arobaini. Shingo yako ilikuwa wazi, niliiangalia kwa mara ya mwisho, na haikuwa imetoka mfupa.

Mimi ndiye niliyeandika wasifu wako wa mazishi. Niliandika kwamba umeacha mtoto mmoja, aliyelelewa kwa upendo na mdogo wako. Msomaji aliposema mtoto asimame watu wamwone, Wakio hakusimama. Alikuwa amekaa kwenye viti vya wageni, chini ya turubai la pili, na mume wake. Nilimfuata nikamnong'oneza aje atie udongo. Akaja akatia, akajipangusa mikono. Tukiwa njiani kurudi, karibu na Maktau, mume wake akamuuliza kama yuko sawa. Akasema, "Siwezi kumlilia mtu ambaye hakunitaka. Nilijaribu, machozi hayakuja."

Nilikuwa kiti cha mbele. Niliyasikia hayo na nikaendelea kutazama barabara. Kuna aibu inayokufanya uiname, na kuna hii niliyonayo mimi, inayokuruhusu kula, kuimba kwaya, kupokea pongezi za watu kwa malezi mema. Nimeibeba mgongoni tangu siku ya maji ya miwa na hakuna aliyeiona, kwa sababu wote wananitazama mbele.

Jumanne usiku sikulala, na Jumatano asubuhi nilimwambia Wakio kwamba Jumamosi tunakwenda Mboghoni, yeye na mimi. Akauliza kufanya nini na mwenyewe hayupo. Nikasema kuna mtu anataka kumwomba radhi. Nimempigia kaka yetu atuletee miwa.

Barua hii, dada, haitafukiwa kaburini kwako wala kuchomwa. Itasomwa na yeye. Nitamkalisha kwenye lile gogo la mfereji ulilokuwa ukiweka viatu, nitampa kurasa hizi, kisha nitasogea mbali kidogo nisimwone uso, kwa maana sina haki ya kumwona uso atakapokuwa anasoma. Akimaliza nitamletea kibuyu. Sitatasa mimi. Hasira ya kutolewa si yangu, ni yake, na ni nyingi, na ana kiumbe tumboni ambaye isimguse. Nitamwomba ajaze mdomo aseme lolote lililo moyoni mwake juu yangu, kwa jina langu, lile ambalo wewe hukulitaja. Safari hii sitageuka. Leso naiacha nyumbani, nimeikunja juu ya kitanda chake, ajue ni ipi.

Huenda akanisamehe. Huenda akapanda gari peke yake kurudi Voi, na mtoto atakayezaliwa asiwahi kunijua. Nimejaribu kujiandaa kwa hilo kama tulivyokuwa tunawaandaa watu zamani, na nimegundua tulikuwa hatujui tunachosema.

Lala, Mama Wakio. Jina lako nimelirudisha; jana mwenye duka aliponiita kwa hilo nilimwambia si langu, akadhani natania. Kwa aibu zangu zote bado nina neno moja lako ambalo sijalipunguza wala kulifunika. Uliniambia pale pale kwenye mfereji, miguu yako ndani ya maji, kwamba ndivyo nimwambie, na ndivyo ninavyomwambia sasa, kwa kuwa ndiye anayesoma:

"Usimwambie nilikuwa mgonjwa, Saru. Mwambie nilikuwa mzima, na kila siku nilimtaka."

Mdogo wako Saru,
mama mdogo wa Wakio